Kielelezo cha Kumi na Nne

Wakili alisema: lete karatasi, hisia ubaki nazo.
Basi Jumamosi nzima nimekaa saiba ya Kariobangi Kusini
nikiichapisha ndoa yangu,
shilingi kumi kila ukurasa, ya rangi thelathini.

Cheti kipo. Kilitoka Sheria House, Jumanne ya mvua,
na jina langu wamelikosea herufi moja:
Kilonzo, si Kilonzi.
Kwa hiyo kuna kiapo pia, chenye muhuri mwekundu,
kwamba Kilonzo na Kilonzi ni mtu yule yule
na mtu huyo ana mke.

Kuna barua ya mwenye ploti. Ameandika kwa kalamu ya kijani
kwamba anatufahamu, kwamba kodi hulipwa, "wakati mwingine".
Nilimsihi ayafute hayo maneno mawili ya mwisho.
Akasema yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kuapa uongo.

Kuna taarifa za M-Pesa, miaka minne, kurasa mia na sita.
Nazisoma kama mtu anayefungua barua zisizo zake.
Kwamboka, mia tatu. Kwamboka, hamsini.
Kwamboka, elfu mbili: hilo lilikuwa jino.
Halafu mwezi wa Juni, tarehe tisa hadi kumi na mbili,
siku zile tulizonuniana juu ya kochi la kakangu,
tukilala chumba kimoja kama wapangaji wawili:
Kwamboka amekutumia shilingi sabini.
Hakunena neno. Nami sikuuliza.
Nilishuka dukani, nikanunua maziwa pakiti moja,
nikayaweka mezani, na chenji ya kumi pembeni.
Afisa wa Gigiri ataona sabini tu.

Picha ndizo taabu.
Wanataka mimi na yeye, miaka mbalimbali, na watu wengine wawemo.
Lakini simu yenye kamera ilikuwa yangu,
ndiyo maana kila picha yuko peke yake:
Kwamboka na hindi la kuchoma,
Kwamboka mlangoni kwa shangazi,
Kwamboka akikataa kupigwa, kiganja mbele.
Binti wa saiba ananiuliza, "Na wewe uko wapi?"
Namwonyesha kwenye nyasi za Uhuru Park
kile kivuli chenye viwiko viwili vilivyoinuliwa.
"Hicho hakina sura," anasema,
kisha anakichapisha kwa rangi.

Usiku tunadurusu kwa simu.
Kwangu saa tano; kwake saa nane mchana, mapumziko ya zamu.
Mswaki wangu rangi gani?
Buluu.
Nilibadilisha, ni mwekundu.
Basi ungenifelisha.
Tunalala upande gani?
Hapo nakwama. Miezi kumi na tisa nimelala katikati.
"Jibu ni ukutani," anasema. "Mimi ni wa ukutani."
Na jina langu lina maana gani?
Nilidhani najua. Nilidhani ni la bibi yake, basi.
Akanieleza: ni la mtoto aliyezaliwa safarini, mama akivuka mto.
Miaka sita, na sijawahi kuuliza.
Nimeliandika kiganjani, kama mwizi wa mtihani.

Picha moja tu ina sisi wawili.
Nyamira, mazishi ya babake. Aliipiga mtu nisiyemjua
akiwalenga wapiga tarumbeta; sisi tumeangukia ukingoni.
Hakuna anayetabasamu. Matope yamefika kwenye vifundo.
Yeye yuko pekupeku, macho kaburini,
nami niko nyuma yake, nimeshika viatu vyake,
kimoja kila mkono, kama mtu aliyeagizwa avipime uzito.
Wakili anasema tuiache. Faili inataka furaha.

Nimeitoa bahashani mara mbili, nimeirudisha mara tatu.
Nyuma yake pana nafasi ya maelezo:
nani, wapi, lini, mna uhusiano gani.
Nimeandika tarehe. Nimeandika Nyamira.
Nimeandika: Kilonzi, yaani pia Kilonzo.
Viatu ni vya mke wangu.
Kisigino cha kushoto nilikitia gundi asubuhi ile.