Dawa ya Pengo

Barua pepe ilikuwa na neno moja la maana: imedhoofika.
Saa nane na nusu usiku, Tvøroyri, upepo wa Februari
ukigonga mabati ya maktaba kama mdai asiyelipwa.
Nikavaa koti juu ya gauni la kulalia,
nikashuka ngazi kumi na moja hadi stoo
ambako seva yetu hukoroma kando ya tangi la maji moto.

Nikaiuliza hali. Ikajibu kwa alama zake:
U, U, kistari, U.
Kila U ni diski iliyo hai.
Kistari ni pengo.

Safu hii aliipanga mjomba Hanus,
fundi umeme wa kiwanda cha sufu, mwaka aliostaafu.
Alinifundisha kwa vikombe vinne vya chai:
“Vitatu vinabeba mzigo,
cha nne kinabeba hesabu ya wenzake,
na hiyo zamu ya hesabu inazunguka,
asije mmoja akajiona karani.
Kikivunjika chochote, watatu watakumbuka
kilichokuwa ndani yake.”
Kisha akainywa chai yote minne, imepoa.

Alisahau jambo moja, au bei ilimsahaulisha:
diski zote alizinunua siku moja, boksi moja,
mapacha wanne wa kiwanda kimoja.
Na mapacha wakiugua hawapeani nafasi.

Nikachomeka diski ya akiba, nikaiandikisha safuni.
Ujenzi ukaanza. Asilimia mbili. Asilimia nne.
Nikala mkate mkavu, nikalalia kiti.
Kwenye asilimia sitini na moja, dirisha bado jeusi,
diski ya kwanza ikakohoa mara moja, ikatoka.

Kistari cha pili.
Safu ya wanne yenye mapengo mawili si safu,
ni vyuma.
Na ndani ya vyuma hivyo saa mia tisa za sauti,
tenzi za ngoma ya duara, za watu walioimba beti mia mbili
bila karatasi, mkono kwa mkono,
na wengi wao sasa wamelala kilimani nyuma ya kanisa.

Hapa ndipo mtu huharibu.
Kidole changu kilikwisha kuandika: unda.
Neno zuri, unda. Lakini juu ya diski zilizojaa
ni koleo la mchimba kaburi.
Nikalifuta herufi kwa herufi,
maana ukutani, juu ya swichi, kwa penseli ya Hanus:
USIUNDE. SOMA. HALAFU KUSANYA.

Nikasoma. Kila diski ina daftari lake la matukio.
Ya pili, 48212. Ya nne, 48212.
Ya kwanza, ile iliyokohoa, 48209.
Hatua tatu tu nyuma ya wenzake,
kama mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.
Waya wake ulikuwa unacheza kama jino la mtoto.

Nikabadilisha waya. Nikaikusanya safu kwa kuilazimisha:
mpokeeni, shikaneni.
U, U, kistari, U.
Sijawahi kulifurahia pengo kiasi kile.
Nikanakili kila kitu kwanza, pole pole, mahali pengine;
ndipo nikairudisha ya akiba.

Husemwa jino la pembe si dawa ya pengo.
Jioni ile nililiona jino la pembe likiota mizizi,
likijazwa na watatu kumbukumbu ambayo halikuwahi kuwa nayo.
Kwa watu hesabu hiyo haipo. Nimejaribu.
Kiti chake jikoni tumekiwekea magazeti.

Nikafungua faili moja, kujaribu tu.
Vishindo vya viatu kwenye sakafu ya mbao,
wanawake, mtu anapiga chafya,
halafu kijana mmoja, sauti yake haijakwaruzwa na sigara:
“Simameni, nimeruka ubeti. Turudi nyuma.”

Wakacheka.
Wakarudi nyuma.