Kabla ya Honi ya Kwanza

Saa kumi na moja. Mabatini bado ni giza lenye taa moja moja,
na mkaa wangu unakataa kushika.
Napuliza. Shija mgongoni anapiga chafya ya majivu,
anacheka, anadhani ni mchezo wetu wawili.
Miezi saba. Meno mawili ya chini, kama punje za mchele.
Shija, afuataye mapacha,
aliyekuja nilipokwisha kugawa nguo zote za kitoto.

Mwezi uliopita kliniki, mstari wa kadi ulilala.
Haukushuka, la. Ulilala tu, kama mtu aliyechoka njiani.
Muuguzi akauliza, "Unampa nini?"
Nikasema uji.
"Uji wa nini?"
Nikasema uji.
Akanitazama kwa upole, na upole ule
ulinichoma kuliko kama angenikaripia.

Nikapita dukani, nikashika kopo lenye picha ya mtoto mnene,
nikaligeuza, nikasoma bei,
nikalirudisha taratibu, uso wake ukutani.

Basi Jumapili nikashuka Mwaloni,
nikachagua dagaa wasio na mchanga,
nikawakata vichwa mmoja mmoja hadi vidole vikanuka ziwa zima.
Nyuma ya nyumba tuna jiwe.
Wenzetu wa chini wana ua, sisi tuna jiwe,
kubwa kuliko chumba, limetulalia mgongoni tangu tuhamie,
nami nimelilaani kila masika, maji yakiliteremka hadi mlangoni.
Saa sita mchana halikanyagiki.
Nikalisugua, nikatandaza kanga, nikamwaga dagaa.
Doto akakaa na fimbo kulinda;
kunguru wakangoja juu ya antena, wasipate mwanya.
Jioni dagaa walivunjika kama majani makavu.
Nikasema, jiwe, leo tumepatana.

Kinu cha mama mkwe, mchi wa kuazima.
Twanga, chekecha, twanga tena,
unga wa kijivu, laini kama poda,
kijiko kimoja tu kwa bakuli.

Shija aliutema.
Wa kwanza aliutema, wa pili akautema mbali zaidi,
wa tatu ukatua kwenye nyusi zangu.
Kulwa akasema, "Mama, hata mimi ningetema."
Nikaketi sakafuni nikacheka hadi nikalia kidogo,
kidogo tu, sufuria ilikuwa inaungua.

Kiazi lishe ndicho kilichotuombea msamaha.
Kile cha rangi ya chungwa, cha Mama Nkwaya wa Igoma,
kilichochemshwa na ganda lake, kikapondwa,
tone la maziwa yangu mwenyewe kukilegeza,
dagaa wamejificha ndani kama siri.
Shija akanyamaza. Akatafakari kama hakimu.
Akafungua mdomo.

Sasa chungu ni kimoja.
Cha Shija kinatolewa kabla ya chumvi,
mapacha wanapata vipande vyao na mgagani
uliolala na maziwa hadi uchungu ukasalimu amri,
baba yao arudipo kutoka lindo anakuta sahani imefunikwa,
pilipili pembeni, kwa kuwa bila pilipili
anasema amepewa chakula cha mgonjwa.

Kivuko cha Kamanga hakimsubiri mama wa mtu,
na dirisha la tiketi ni langu.
Namkabidhi Shija kwa bibi yake, na bakuli, na kijiko,
na maelezo ambayo bibi hayasikilizi.
"Mimi nimelea saba," anasema, "bila kadi."
Halafu, nikigeuka, namwona analipua bakuli moshi,
analionja kwanza kwa ncha ya ulimi.

"Mama, umekula?" Kulwa huuliza kila siku.
"Nimelamba mwiko."

Leo honi imelia, foleni inasukumana,
baiskeli, matenga ya nyanya, mtu na noti yake ya elfu kumi.
Natia mkono mkobani kutafuta chenji,
nakuta kitu cha uvuguvugu ndani ya karatasi ya daftari:
nusu kiazi, kina alama za meno upande mmoja.
Doto hajui kugawa bila kuonja.

"Dada, chenji yangu."

Subiri, kaka.
Natafuna.