Mabaki

Niliwasomea maneno kumi na matano,
pumzi mbili kati ya neno na neno:
jiwe, pamba, shangazi, ndoo, moshi…
katika chumba cha nyuma cha zahanati, mtaa wa Oli, Arua,
kwa Kiswahili, maana kwenye benchi moja
Mlugbara alipakana na Mmadi, Mnubi na Mkakwa.
Watu themanini na wanne. Kila mmoja kipande cha sabuni.
Kisha kesho yake, kisha siku ya saba, kisha ya thelathini,
swali lile lile: Umebaki na yapi?

Kusahau kuna umbo, na umbo lake nalijua.
Ni barabara ya kutoka Nebbi kushuka Pakwach:
kwanza breki zinanuka,
kisha mlima unachoka, magurudumu yanalala
kwenye tambarare ya mto.
Husemwa haba na haba hujaza kibaba;
kumwagika hakuna adabu hiyo.
Nusu ya kibaba huenda usiku wa kwanza,
haba na haba ni ya baadaye.

Usiku, umeme uliporudi, nilijenga modeli.
Kila mtu nikampa mstari wake,
pake pa kuanzia, mteremko wake,
ila wote wamefungwa kwa kamba laini kwenye wastani:
aliyekuja mara nne kamba ikamlegezea,
aliyekuja mara moja ikamvuta karibu,
kwani ushahidi mchache ni mtoto,
haachwi kulala peke yake.

Mistari themanini na mitatu ikatulia.
Mmoja ukagoma.

Namba hamsini na tisa. Drateru, fundi cherehani,
hukata gauni kwa kumtazama mtu tu.
Siku ya kwanza, maneno tisa na “mlango”.
Siku ya saba, maneno tisa na “mlango”.
Siku ya thelathini, manane, na mlango bado umesimama.
Mlango haukuwa kwenye orodha.
Nikauandika safu ya makosa, kama nilivyofundishwa:
neno la kuzuka, pointi sifuri.
Daktari Ezaruku akachungulia grafu.
“Mtoe huyo. Samaki mmoja akioza…”
Hakumalizia. Methali nazo
tumebaki nazo nusu nusu.

Sikumtoa. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka,
na kumfuta mtu kunahitaji fomu tatu.
Nikasikiliza rekodi badala yake.
Sauti yangu: Jiwe. Pamba. Shangazi.
Kisha kishindo, mvua ya Aprili juu ya mabati,
na sauti yangu tena, ile ile, haina hata mkunjo:
Mlango.
Nilikuwa namwambia Afeku aufunge.
Kisha: Ndoo. Moshi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi daftari nilikuwa nalo.
Aliyesahau ni mimi, mshika kalamu,
ambaye hakuna safu iliyotengwa
kwa usahaulifu wake.

Nilimkuta kibandani, pini mdomoni.
Nikamweleza. Akazitema kiganjani, moja moja.
“Nilidhani unavitaka vyote,” akasema.
“Kijana wako alichelewa kuufunga,
mvua ikanilowesha mguu wa kushoto.
Na huo niuhesabu?”

Kitakwimu, mabaki ni kilichoonekana
ukiondoa kilichotarajiwa.
Kwetu Maracha mabaki ni muhogo wa jana;
aliyeamka na njaa ndiye anayejua thamani yake.
Nimesahihisha safu. Kamba imemvuta kidogo,
naye amekubali kidogo.
Lakini kati ya nukta yake na mstari wangu
nafasi nyembamba ingalipo,
upana wa mguu mmoja,
umelowa.