Jumatatu, Saa Kumi na Mbili

Baa za Igogo nazijua gizani,
kwa harufu, kwa nyufa za sakafu.
Chumba hiki nimekizunguka mara tatu.

Fundi baiskeli: "Wanaoacha pombe? Huku?"
Akacheka mpaka spana ikamponyoka.
Muuza dagaa akanielekeza kanisani,
kanisani kufuli.

Nikaishia kwa Kabula, kaunta ile ile.
Mkono wake ukaifuata chupa kwa mazoea.
Nikasema, leo naulizia njia.
Akairudisha. Hakunitazama.
"Nyuma ya mashine ya kusaga,
panda mawe, mlango wa kijani.
Kaka yangu huenda.
Usichelewe."

Kumbe ni darasa la chekechea.
Watu wazima tisa kwenye viti vya watoto,
magoti kidevuni,
ukutani a, e, i, o, u.
Mama mwenye unga kwenye kanga
akanipa chai ya tangawizi, nusu kikombe,
anaijua mikono inayotetemeka.

"Zamu yako."

Naitwa Nkwabi, nikasema,
na sauti ikazima hapo, kwenye jina,
kama injini ya boti hatua chache kabla ya mwalo.

Hakuna aliyenisukuma.
Nje, mashine ilisaga mahindi ya watu.