Kongoti Ndani ya Karatasi

Miezi kumi na minne nilichora noti moja.
Si ile ya kila siku. Ya ukumbusho,
mji kutimiza miaka mia,
zikachapwa chache, namba zikianza na sifuri tano.

Kamati ilitaka simba.
Simba yuko kila mahali, hata kwenye kiberiti.
Mimi nikawapelekea kongoti wa mzunguko wa Nyayo:
kipara, mfuko shingoni,
miguu imepakwa chokaa ya kinyesi chake mwenyewe,
amesimama juu ya mgunga
kama karani anayefuatilia pensheni.
Wakaguna. Bi. Nyaboke, mwenyekiti, akavua miwani.
"Mfiche," akasema.

Basi nikamfanya alama ya maji.
Noti ikilala mezani, hayupo.
Iinue penye jua: huyo, anakutazama.

Yaliyobaki ni kazi ya fundi.
Uzi wa fedha unaozama na kuibuka
kama sindano ya mshona magunia.
Wino wa shaba; uinamishe, unageuka kijani cha mgomba.
Pembeni mistari mitano imeinuka, isomwe na kidole
cha asiyeona,
na ukingoni herufi ndogo kuliko mayai ya chawa
zinalitaja jina la mji mara mia mbili na kumi,
nami nilizihesabu.

Ila katika ua la mizunguko,
mstari wa saba kutoka chini
ulitetemeka.
Ni asubuhi ile niliyopigiwa simu kutoka Pumwani
kwamba ni msichana, na analia vizuri.
Kalamu ya chuma ilikuwa mkononi.
Sikuufuta; bamba halifutiki.
Baadaye nikaambiwa, noti bandia zote zilizokamatwa
mstari wa saba umenyooka.
Mghushi alidhani ni kosa. Akanisahihisha.

Jumamosi nikashuka Marikiti na yangu moja,
mpya, ingali inalia ukiikunja.
Mwelu wa nyanya aliipokea kwa ncha za vidole
kana kwamba nimempa mjusi.
"Iinue," nikamwambia.
Akaiinua. Akacheka mpaka leso ikamlegea kiunoni:
"We! Si huyu anayekula taka zangu?"

Nikajua nimeshinda.
Akanirudishia.
"Haina mkunjo. Hainuki samaki wala jasho la mtu.
Nikimpa mwenye lori atasema nimeichapa mimi."
Akachomoa hamsini yake kifuani,
imeungwa kwa selotepu, sura imefutika,
uzi ulishang'oka zamani.
"Hii ndiyo pesa, baba."

Ningemweleza nini? Habari za mstari wa saba?
Nikafunga mkoba, nikageuka niende,
kumbe mizani imekwisha kulia:
kilo mbili, na moja ya kuongezea,
kubwa, yenye kovu.
Akachana kipande cha boksi,
kalamu ikagoma, akailowesha mate, akaandika
*Fundi wa kongoti. Mia na sitini.*
Jina langu hakuuliza.
Akakichomeka msumarini juu ya madeni ya wengine,
na upepo wa malori ukawa unakipindua,
mbele, nyuma,
kama mtu anayekagua.