Chakula cha Chumbani

Ketchikan, mvua haipigi hodi.
Meli imefunga gati kando ya barabara, ndefu kuliko mji,
na kutoka dirishani namwona mwanamke wa hapa
akifunga duka lake la soksi za sufu.
Hatutazami. Ameshawaona wengi.

Saa tatu usiku, nje bado kweupe.
Kihiyo amekaa kitandani na suruali ya suti
aliyoshonewa Tacoma kwa ajili ya ukumbi ule
ambao tuliingia mara moja tu.

Usiku wa kwanza. Meza ya watu wanane,
uma tatu tatu kama vifaa vya mng'oa meno,
bwana mmoja wa Ohio akitueleza bei ya boti yake.
Supu ikaja. Mume wangu akaitazama
mpaka ikapoa. Mpaka ikaondolewa.
Nyama ikaja, akasema ameshiba,
mkono wa kushoto ameukalia
kama mtoto aliyeficha kitu.

Mama yake, kule Usangi, alikuwa na ufito mmoja
na kosa moja la kuutolea darini:
mtoto aliyepeleka kushoto kinywani.
Ufito ule sasa una miaka sitini.
Umepanda nao ndege, umepita forodha, haukukaguliwa.

Nikamwambia, huku nani anajua?
Wenyewe wanakula kwa yote miwili.
Akasema: Ninajua mimi.

Basi tukawa watu wa chumbani.
Kadi inaning'inia kwenye kitasa, natia vema kwa kalamu ya meli:
wali, samoni, mboga za majani, chai mbili,
jibini lile linalonuka, hapana.
Rodelio anagonga mara mbili, sinia begani,
anapita kati ya kitanda na kabati kwa ubavu.

Kila jioni anatuachia taulo alilolikunja mnyama.
Juzi tembo, masikio yamesimama.
Nami nikamkunjua tembo wa watu
nikamfunga Kihiyo shingoni.
Rodelio alirudi kuchukua vyombo, akaona, hakusema neno.
Tangu jana wanyama ni wawili,
na samaki anafika amekatwa vipande vidogo vidogo,
ingawa kwenye kadi hakuna kisanduku cha hilo.

Kulia. Nimelitafuna neno hili safari nzima.
Mkono wa kulia: wa kulia chakula.
Daktari aliponionyesha upande uliolala
alisema kwa Kiingereza, nikasikia kwa Kiswahili,
nikajua kilichochukuliwa ni nini.
Kule kulia kwingine yeye hajakugusa.
Mimi namalizia bafuni, bomba likiwa wazi,
bafu lenyewe jembamba hivi
hata machozi hayana pa kupishana.

Leo nimevuta kiti, magoti yetu yanagusana,
meza haizidi kibao cha mbuzi.
Namtazama anavyouandaa ule wa kushoto:
anauosha mara mbili kwa sabuni ya maua,
anaufuta kidole kwa kidole
kama anayempeleka shule mtoto asiyetaka.

Nami, sijui nani kanituma,
nikauweka wangu wa kulia chini ya paja,
nikachota wali kwa ule mwingine.
Punje zikaenda kifuani, zikaenda shukani,
moja ikamganda tembo wa pili sikioni.

"Namkunda," akasema, "unakula kama mlevi."
"Nafundishwa na nani?"
Akacheka kwa upande mmoja, ule unaocheka.

Honi ikalia, ndefu, sahani zikatetema.
Duka la soksi likaanza kurudi nyuma polepole,
ngazi za mbao, nyumba juu ya nguzo,
ndege za majini zimelala na viatu vyao.
Samaki alikuwa amepoa. Tulimla hivyo hivyo.

Kisha nikajaza kadi ya kesho.
Palipoulizwa watu wangapi
niliandika mbili, kwa mkono ule ule.
Imetoka kama bata aliyekanyagwa.
Rodelio ataielewa.