Gololi ya Tisa

Miaka ishirini na mitatu niliamka saa kumi alfajiri,
kabla ya jogoo wa Isevya, kabla ya adhana,
nikakanda, nikakata, nikakaanga,
nikabeba ndoo ya maandazi hadi stesheni
kuwapokea watu wanaopita.
Wa Mpanda wakapita. Wa Mwanza, wa Kigoma.
Mimi nikabaki na chenji.

Sikuyachukia. Nieleweke hapo:
maandazi yaliwasomesha Kulwa na Doto
na Shija aliyewafuata,
yakaezeka bati vyumba vitatu.
Ila mwaka jana Shija alipofunga begi kwenda Dodoma
nyumba ilinyamaza hadi nikasikia friji ya jirani.
Na mwezi wangu ukaacha kuja,
ukaja moto badala yake, shingoni, kifuani,
usiku wa manane nimesimama uani na kanga moja
nikipepewa na giza.
Wifi akasema, "Ndiyo uzee huo, zoea."
Nimezoea mengi. Neno lile lilinikwama.

Ilikuwa Septemba, vumbi jekundu hadi kwenye meno.
Tairi la nyuma likapasuka pale Cheyo,
ndoo imejaa, treni imeshapiga honi,
fundi hayupo.
Nikaligeuza libaiskeli miguu juu kama mbuzi wa sikukuu,
nikalichokonoa tairi kwa mpini wa kijiko,
nikaivuta tyubu nje, nikaitafuta pumzi yake
kwa shavu langu.
Treni ikaondoka.
Maandazi wakala watoto wa shule, bure.
Usiku ule mikono ilinuka mpira.
Nikainusa tena.

Kasubi, rika moja na wanangu,
alikuwa anauza sanduku la spana aende Kahama kwenye dhahabu.
Kikoba kilishanikopesha laki mbili na nusu za friji.
Nikanunua sanduku.
Msiulize mkutano ule ulivyokuwa.

Alinifundisha siku kumi na moja, kisha akapanda basi.
"Rimu iliyopinda usiipige nyundo, mama.
Legeza huku, kaza kule, robo mzunguko,
zungusha, tazama,
sikiliza spoku inavyolia."
Mengine nilijifunza kwa kuharibu.

Mchora vibao akauliza jina.
Nikasema, "Mama Kul..." nikameza.
"Nyanzobe."
Akaandika NYAZOBE FUNDI BAISKEL,
ubao ukamwishia.
Sikumrudisha.
Aliyepotea muda mrefu harudi na herufi zote.

Mteja wa kwanza alitazama kushoto, akatazama kulia.
"Fundi yuko wapi?"
"Amekwenda kunawa."
Nikaenda, nikanawa, nikarudi.
"Karibu."

Baba Kulwa alicheka siku moja, akanuna wiki mbili.
Wiki ya tatu akaja akikokota yake,
akapanga foleni nyuma ya muuza mkaa,
akauliza bei kama mgeni.
Nikamtajia bei ya mgeni.
Akalipa. Jioni akala michembe kimya,
halafu akasema breki zinashika.

Leo jua la saa saba limekaa utosini
na ule moto wangu umepanda kukutana nalo.
Nimefungua ekseli ya kijana wa asali kutoka Sikonge,
grisi nyeusi hadi kwenye viwiko,
nimemwaga gololi kwenye kifuniko cha ndoo,
ndoo ile ile.
Nahesabu. Nane.
Nahesabu tena.
Kila upande huwa tisa.

"Mama, weka hizo hizo nane, litatembea tu."

Litatembea, ndiyo. Najua vitu vinavyotembea hivyo.
Miaka mingapi.

Nimepiga magoti mchangani, kitenge kimejaa vumbi,
napapasa chini ya benchi, kando ya kopo la gundi.
Kijana anaangalia saa.
Aangalie.
Iko hapa hapa. Nimeisikia ilipoanguka.